Kuiandaa pikipiki ya safari ndefu uwani kwako: mwongozo kamili kwa mkazi wa Dar es Salaam

Pikipiki nyingi za Dar es Salaam huishi maisha ya safari fupi: kutoka Mbagala kwenda Kariakoo, kutoka Kimara kwenda Posta, abiria mmoja nyuma au gunia moja, kisha kurudi. Mwenye pikipiki ya cc 150, iwe Boxer, TVS au nyingine ya jamii hiyo, akitaka kuipeleka Mbeya, umbali unaozidi kilomita 800, halazimiki kuiuza ili anunue pikipiki kubwa. Injini inaiweza safari hiyo ikiwa imetunzwa na haikimbizwi. Kinachohitaji kazi ni namna chombo kinavyobeba mzigo, kinavyomkalisha mwendeshaji na kinavyomulika njia giza linapoingia, na kazi hiyo yote inaweza kufanyika uwani kwa vifaa vichache, isipokuwa sehemu ndogo ya kuchomelea.

Nimeifanya kazi hii mara 2, na mara ya kwanza niliikosea. Nilianza na vitu: nilinunua boksi, taa na kioo cha upepo, kisha nikaanza kutafuta mahali pa kuvifunga. Mwongozo huu unaanza na uzito, kwa sababu kila unachoongeza kwenye pikipiki ndogo kuna kitu kingine kinachokilipia, iwe fremu, tairi, shokapu au betri. Nakuomba ukubali masharti mawili tangu mwanzo: usichomelee wala kutoboa chochote kwenye fremu yenyewe, na kila unachokiongeza kiweze kufunguliwa kando ya barabara kwa spana utakazokuwa umebeba.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Fungua kitabu cha mwenye chombo utafute uzito wa juu unaoruhusiwa. Ukitoa humo uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta, kinachobaki ndicho kibali chako, na kibali hicho kinakujumuisha wewe, nguo zako, kofia ngumu, karia, mabegi, maji na spana. Watu wengi hukisia hapa, na makisio huwa ya kujipendelea. Azima mizani kwenye duka la nafaka la mtaani, upande ukiwa umevaa kama siku ya safari, kisha pima kila begi peke yake na uandike. Kwangu hesabu ilikuwa hivi: mimi na mavazi kilo 82, karia na vyuma vyake 7, mabegi 16, maji na vifaa 9, jumla kilo 114. Pikipiki ndogo zimehesabiwa kubeba dereva na abiria mmoja, kwa hiyo chukulia kwamba mzigo wako unakalia kiti cha abiria huyo. Ukitaka kubeba abiria na mzigo kamili kwa pamoja, hesabu itakukatalia, na ni afadhali uikubali ukiwa nyumbani.

Baada ya kujua kilo ngapi, tafuta zitakaa wapi, maana mahali pa mzigo huamua tabia ya pikipiki kuliko uzito wake. Chukua futi upime umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu ni takriban sentimita 130. Sasa fikiria boksi la kilo 20 lililofungwa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Pikipiki inakuwa wenzo, na ekseli hiyo ndiyo egemeo lake: 20 mara 30 gawanya kwa 130 ni 4.6, maana yake boksi hilo linalipunguzia gurudumu la mbele karibu kilo 5 na kuliongezea la nyuma karibu kilo 25. Ukizichukua kilo zilezile 20 ukazigawa katika mabegi mawili ya pembeni, kitovu chake kikiwa sentimita 20 mbele ya ekseli, gurudumu la mbele linaongezewa kilo 3 badala ya kupunguziwa. Gurudumu la mbele ndilo linalopinda kona na ndilo linalofanya sehemu kubwa ya breki. Kwenye lami tambarare hutaona tofauti. Utaiona unapopanda mlima Kitonga kwa gia ya pili, nyuma ya lori, usukani ukiwa mwepesi mkononi kama wa baiskeli.

Kipimo cha mwisho katika hatua hii ni shokapu za nyuma. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa ili gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka kwenye ekseli hadi alama utakayoiweka kwa solotepu juu yake, kwenye mkia. Ishushe, ipakie kila kitu, ukae juu yake miguu ikiwa kwenye vikanyagio, na mwenzako apime tena. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili inapaswa kuwa karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma. Kama mwendo huo ni sentimita 10 na nusu, kushuka sentimita 3 na nusu kunatosha. Ikishuka zaidi, zungusha ringi yenye vidato chini ya springi uikaze, pande zote mbili kwa kidato kilekile. Ikiwa umefika kidato cha mwisho na bado inashuka nusu ya mwendo wake, punguza mzigo au nunua springi ngumu zaidi.

Hatua ya 2: Karia

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, kwa sababu karia ndiyo inayovunjika.

Katika safari yangu ya kwanza nilikuwa nimetengenezewa karia moja bapa, ndefu, iliyotokeza nyuma ya taa, imeshikwa na bolti 4 za mshikio wa abiria. Juu yake nilifunga boksi lenye vifaa vyote vizito. Nilipofika Mikumi mjini, baada ya matuta ya ndani ya hifadhi, nilisikia mlio mdogo kama wa bati. Nilipotoa boksi niliona mstari mwembamba wa kutu uliokatiza rangi nyeusi, milimita chache pembeni mwa mshono wa kuchomelea. Nilipogusa karia kwa kidole, mstari ule ulifunguka na kujifunga kama mdomo. Bomba lilikuwa limekatika karibu mzunguko mzima. Nililifunga kwa kipande cha nondo na mpira wa tyubu, nikahamishia vitu vizito kwenye begi la mgongoni, na nikaenda kwa mwendo wa pole mpaka Ruaha Mbuyuni.

Fundi aliyeichomelea hakukosea. Alifuata mchoro wangu. Kosa lilikuwa kwenye umbo. Karia iliyoshikwa upande mmoja tu hucheza juu na chini kwa kila tuta, na chuma kinachopindwa kidogo mara maelfu huchoka na kupasuka, hata kama mzigo wa mara moja kingeubeba bila tabu. Kwa kawaida hupasukia kando ya mshono, pale ambapo joto la kuchomelea limebadilisha ugumu wa chuma. Dawa si kuongeza unene wa bomba, bali ni kuizuia karia isicheze.

Karia isiyocheza ina pembetatu kila upande. Mshiko wa kwanza ni bolti ya juu ya shokapu au ile ya mshikio wa abiria, wa pili ni mahali panapofungwa kikanyagio cha abiria, na wa tatu ni nyuma karibu na namba ya chombo, ambako bomba moja la kukatiza linaunganisha upande wa kushoto na wa kulia. Bomba hilo la kukatiza ndilo watu huliacha, na bila hilo mabegi ya pembeni hupiga mbawa kila mara gurudumu linapoingia shimoni.

Anza kwa kutengeneza kielelezo. Chukua waya mnene wa kufungia nondo, uukunje kufuata njia ambayo bomba litapita, na kata vipande vya boksi gumu kwa ajili ya vibati vya kufungia bolti. Vifunge kwenye pikipiki kwa solotepu kisha ukague mambo yafuatayo bila haraka. Bomba la moshi liwe mbali na begi kwa sentimita 5 au zaidi, na kati yao pawe na bati la kukinga joto. Kiki iweze kushuka mpaka mwisho. Nati za kurekebishia cheni zifikike kwa spana bila kutoa karia, kwa kuwa cheni utaikaza njiani. Indiketa zionekane kutoka nyuma na kutoka pembeni. Mara nyingi italazimu kuzisogeza. Mwisho, kalisha watu wawili wazito nyuma, pikipiki ishuke mpaka chini, uone kama tairi linagusa kitu.

Upana wa mabegi yakiwa yamejaa usizidi upana wa usukani. Sharti hili nimelifanya la lazima kwangu kwa ajili ya jiji letu hili: utakapokuwa unatoka saa 12 asubuhi katikati ya magari ya Ubungo na Kimara, macho yako yatapima nafasi kwa usukani, na kila kinachotokeza zaidi ya hapo kitagonga kioo cha mtu.

Vifaa vya karia vinapatikana Gerezani na Buguruni. Nunua bomba la duara la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 20 na unene wa milimita 2, na flatiba ya milimita 4 au 5 kwa ajili ya vibati. Bolti ziwe za milimita 8 zenye alama 8.8 kichwani, bolti isiyo na alama yoyote ni laini na hukatika bila kutoa taarifa. Kata na utoboe mwenyewe nyumbani kwa msumeno wa chuma na drili, kisha mpelekee fundi wa kuchomelea vipande pamoja na pikipiki, ili ashike vipande kwa nukta ndogo vikiwa mahali pake. Kabla hajawasha mashine, fungua waya wa negativu wa betri na uchomoe CDI, yaani kiboksi kinachoongoza cheche ya plagi, kwa sababu umeme wa kuchomelea ukipita kwenye nyaya unaweza kuiunguza. Baada ya nukta hizo, karia itolewe na kumalizwa mezani. Mtake fundi afunge ncha zote za mabomba, kisha wewe toboa tundu la milimita 3 upande wa chini kabisa wa kila bomba ili maji yasitulie ndani.

Rangi ni kazi ya siku mbili, na kwa anayeishi Kigamboni, Kunduchi au Mbweni haifai kuifanya kwa siku moja, kwa kuwa upepo wa bahari una chumvi na chumvi hutafuta ufa. Piga msasa mpaka chuma king'ae, ukipitia hasa kwenye mishono ambako huwa na maganda meusi. Futa kwa kitambaa chenye tina, paka redoksaidi, rangi ya msingi ya kuzuia kutu, acha ikauke usiku mzima, kisha weka rangi ya juu mikono 2 au 3 membamba. Epuka siku za masika, kati ya Machi na Mei, maana unyevu hunaswa chini ya rangi na baada ya mwezi rangi hubabuka.

Wakati wa kufunga, tumia nati zenye plastiki ndani, weka washa pande zote, na ukishakaza chora mstari mmoja mweupe unaopita juu ya nati na kibati chake. Nati ikilegea hata kidogo mstari utakatika, na utaliona hilo ukiwa kituo cha mafuta bila kushika spana.

Hatua ya 3: Mkao

Siti ya kiwandani humtosha mtu kwa saa moja. Baada ya hapo mifupa ya makalio hufika kwenye bati, na mwendeshaji huanza kusogea huku na huku badala ya kutazama barabara. Toa siti, ng'oa pini za ngozi kwa bisibisi bapa, na ukague sponji. Kama imelala, usiijazie sponji laini ya godoro, kwa sababu italala pia. Weka tabaka la sponji ngumu, ile iliyogandamizwa kutokana na vipande, kwa unene wa sentimita 3, lisawazishe kwa msasa mkali, kisha juu yake weka sponji laini ya sentimita 1 na nusu. Funika yote kwa karatasi ya nailoni kabla ya kurudisha ngozi, na mwombe fundi wa siti asipitishe mshono pale unapokaa, kwa kuwa mshono ndiko maji ya mvua huingilia. Kumbuka kwamba siti ikipanda, miguu yako hupoteza urefu uleule chini. Lazima uweze kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili pikipiki ikiwa na mzigo.

Ukiinua usukani kwa vipande vya kuinulia, usizidishe sentimita 3 bila kubadilisha nyaya. Kuna jaribio moja ambalo halipaswi kurukwa: washa injini, iache ingurume polepole bila kushika mafuta, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia. Mlio wa injini ukipanda, waya wa mafuta umevutwa, na siku moja utakukimbiza kwenye kona. Klachi na breki ya mbele navyo vikaguliwe katika mkao huohuo.

Kuhusu kioo cha upepo, maoni yangu ni kwamba kifupi kinafaa kuliko kirefu. Injini ya cc 150 haina nguvu za ziada za kusukuma ukuta wa hewa, na lori linapokupita kwenye barabara ya Morogoro, kioo kikubwa kilichofungwa kwenye usukani huugeuza upepo wake kuwa msukumo mikononi mwako. Kata polikaboneti ya milimita 3, si pespeksi, kwa sababu pespeksi ikivunjika hutoa vigae vikali ilhali polikaboneti hupinda. Ukingo wa juu uishie usawa wa kidevu, ili macho yatazame juu yake na si kupitia ndani yake, na weka washa za mpira kila mahali bolti inapopita.

Hatua ya 4: Umeme

Pikipiki ndogo ina umeme wa kuhesabika. Koili za chaji hutoa kiasi kinachotosha taa zake, honi na kujaza betri, na kinachobaki ni kidogo. Nunua multimita, hata ya bei ndogo, kwa kuwa bila hiyo utakuwa unakisia. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa. Washa injini, ipandishe mpaka mizunguko ya mwendo wa safari, pima tena: iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikizidi 15, rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji, ina hitilafu na itaipika betri. Usiongeze kitu chochote kabla ya kuibadilisha.

Kisha fanya hesabu ya unachotaka kuongeza. Wati gawanya kwa volti ni ampea. Taa 2 za LED za wati 10 kila moja ni wati 20, sawa na ampea 1.7. Soketi ya kuchajia simu inayotoa volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10, haifiki ampea 1 upande wa betri. Vitu hivyo viwili pikipiki nyingi za ukubwa huu huvibeba. Jozi ya taa za wati 40 kila moja, zile zinazouzwa kwa ajili ya magari, haitabebeka. Ukishafunga, rudia kipimo ukiwa umewasha kila kitu; volti zikishuka chini ya 13 kwenye mizunguko ya safari, betri ndiyo inayolisha taa, na itakwisha usiku.

Tahadhari nyingine inahusu waya wa taa kubwa. Kama taa kubwa haiwaki mpaka injini iwake, na mwanga wake hupanda na kushuka na mlio, huenda inalishwa moja kwa moja na koili bila kupitia betri, na umeme wake si wa aina inayohitajiwa na LED wala soketi ya simu. Usichukue umeme hapo.

Njia sahihi ni relei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Relei ya kawaida ya volti 12 ina miguu 4 yenye namba. Mguu wa 30 unapokea waya kutoka pozitivu ya betri, na juu ya waya huo, karibu na betri kiasi cha kiganja kimoja, unaweka fyuzi. Kwa taa nilizozitaja ampea 5 zinatosha. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Mguu wa 86 unapokea waya mwembamba unaopata umeme pale tu swichi ya ufunguo inapowashwa, ukipitia swichi ndogo utakayoiweka kwenye usukani. Mguu wa 85 unakwenda negativu. Kwa mpangilio huu swichi ndogo haibebi mzigo, na ukizima ufunguo kila kitu kinazimika, kwa hiyo hutakuta betri imekufa asubuhi katika nyumba ya wageni ya Makambako. Fyuzi hailindi taa pekee: waya ukichubuka chini ya tangi la mafuta bila fyuzi, huwaka moto.

Tumia waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa. Usiunge kwa kusokota na solotepu. Solotepu huyeyuka gundi kwa joto letu, kisha mtikisiko humaliza kazi. Bana teminali kwa koleo lake, vuta kwa nguvu uone kama inachomoka, kisha funika kwa mpira unaonywea kwa joto. Pitisha nyaya mbali na kichwa cha injini, na pale shingoni mwa usukani acha kitanzi kilicholegea ili usukani uzunguke bila kuukata waya.

Mwanga uelekezwe pikipiki ikiwa imepakiwa, na wewe ukiwa umekaa, kwa sababu mzigo wa nyuma huinua taa na kuwaumiza macho wanaokuja mbele. Simama mita 5 kutoka ukutani usiku, weka alama ukutani kwa usawa wa katikati ya taa, kisha shusha taa mpaka ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 chini ya alama hiyo.

Hatua ya 5: Matairi, cheni na breki

Soma ubavu wa tairi la nyuma. Ukikuta maandishi kama 3.00-17 50P, namba 50 inamaanisha tairi linabeba hadi kilo 190 likiwa na upepo wake kamili, na herufi P ni mwendo wa juu wa kilomita 150 kwa saa. Tairi lenye 41 hubeba kilo 145 tu, na maduka huuza yote mawili yakifanana kwa macho. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya watu wawili, asubuhi tairi likiwa baridi. Upepo uliopimwa mchana baada ya kutoka Kibaha hadi Chalinze hauaminiki, kwa kuwa joto limeshaupandisha.

Wapo wanaobadilisha spoketi ya mbele kuongeza jino moja ili injini ipumue kwenye tambarare. Kutoka meno 14 kwenda 15 ni badiliko la asilimia 7, nalo linasaidia kweli, lakini kwenye Kitonga utaikosa asilimia hiyohiyo ukiwa na mzigo. Mimi nimeiacha ya kiwandani. Cheni yenyewe ipimwe mzigo ukiwa juu yake, kwa sababu shokapu zikishuka cheni hukaza. Iliyokazwa vizuri ikiwa tupu inaweza kuwa imenyooka kama kamba ya gitaa ukishapakia, na hapo hula beringi na spoketi. Zungusha gurudumu, tafuta mahali inapokaza zaidi, na hapo icheze sentimita 2 hadi 3.

Breki pedi na viatu vya breki viwe vipya kabla ya safari, bila mjadala, kwa sababu ulichokipanda Kitonga utakishuka wakati wa kurudi. Ushukapo tumia gia uliyoitumia kupandia.

Hatua ya 6: Karatasi

Kadi ya usajili huandika rangi ya chombo, namba ya injini na namba ya chesisi. Ukitaka kubadilisha rangi ya tangi au injini, ulizia kwanza TRA namna ya kurekebisha kumbukumbu, usisubiri askari wa barabarani akuulize kwa nini kadi inasema nyekundu. Namba ya MC isifunikwe na begi, nayo iwe na taa usiku. Bima ikaguliwe tarehe.

Hatua ya 7: Majaribio ya hatua kwa hatua

Pikipiki iliyomalizika Jumamosi haiendi Mbeya Jumapili. Safari ya kwanza iwe Kibaha na kurudi, na mzigo nusu. Ukirudi, tembeza macho kwenye mistari yote myeupe, kaza nati zilizolegea, na gusa nyaya za relei kwa mkono. Yenye joto ina muungano mbovu. Safari ya pili iwe Bagamoyo, kama kilomita 70, na mzigo kamili, na urudi giza limeshaingia ili ujaribu taa. Safari ya tatu iwe Morogoro, karibu kilomita 190, ulale huko. Jaza tangi unapoondoka na unapofika, gawanya kilomita kwa lita, na uandike. Yangu ikiwa imepakiwa ilikwenda kilomita 40 kwa lita moja, pungufu kidogo kuliko ikiwa tupu, na kutokana na namba hiyo niliamua kujaza kila nikikaribia kilomita 250, kwa kuwa kituo unachokitegemea kinaweza kuwa kimeishiwa.

Vifaa vya kubeba ni vile tu ulivyovitumia kuifunga pikipiki hii: spana namba 10, 12, 13, 14 na 17, koleo, bisibisi, vyuma vya kutolea tairi na pampu ndogo, tyubu 2, plagi, waya wa klachi, fyuzi 5, bolti 4 za karia na nati zake. Funga waya mpya wa klachi sambamba na ule unaotumika, ncha zake zikiwa zimefunikwa, ili ukikatika ule wa zamani uhamishe ncha tu bila kufungua tangi. Mpira wa tyubu mita 3 uwe chini ya siti.

Ukirudi kutoka Morogoro, toa karia nzima, ioshe kwa maji baridi, na upitishe ukucha kando ya kila mshono. Ukucha ukikwama mahali ambapo jicho halioni kitu, futa rangi pale kwa msasa utazame tena kwa tochi kabla ya kupakia.